Faili la Wifi Ambalo Sikulifungua

Mwaka ule mume wangu alianza kurudi nyumbani na mashati masafi.

Kwa mke mwingine hiyo ingekuwa heri. Lakini mume wangu ni fundi umeme kwenye karakana moja huko Wazo, upande ambao vumbi la saruji linatua juu ya kila kitu: mabati, majani ya mipapai, nywele za watoto wanaotoka shule. Tangu tuoane nimekuwa nikiloweka mashati yake, na maji ya beseni yanageuka uji wa kijivu. Sasa siku moja katika wiki, wiki nyingine siku mbili, shati lilikuwa linarudi karibu kama lilivyotoka kabatini. Jasho kidogo kwapani, basi. Kola nyeupe.

Sikusema kitu. Mie ni mtu wa kunyamaza kwanza na kuuliza baadaye, na sehemu ya tabia hiyo nimeiokota kazini.

Nafanya kazi chumba cha rekodi kwenye hospitali moja ya binafsi, Kinondoni. Mgonjwa akishatibiwa, faili lake linaletwa kwetu. Tunasoma alichoandika daktari, tunautafuta ugonjwa ule kwenye mfumo, tunauwekea herufi na namba zake, ili bima wajue wanalipia nini na wizara ijue watu wanaumwa nini. Vitabuni wanaiita misimbo. Sie wa kazi hii tunasema kodi, kutoka code ya Kiingereza. "Hili limeshapigwa kodi?" Ndiyo maana nilipoolewa, mama mkwe alitangaza kijijini kwao Upareni kwamba mwanawe kaoa mtoza kodi wa serikali, na kwa miaka kadhaa ndugu waliokuja kututembelea Kawe waliniangalia kwa jicho la pembeni, kama vile ningewadai risiti ya mahindi waliyotuletea.

Ni kazi ya kushuku. Daktari kaandika hiki, maabara imeandika kile, dawa iliyotoka ni ya kitu cha tatu, na wewe uko hapo katikati unajiuliza nani kati yao kateleza. Ukiifanya muda mrefu huwezi kuivua getini pamoja na kitambulisho. Unaenda nayo sokoni. Unakaa nayo kanisani, mchungaji anahubiri, wewe unapima kama anayoyasema leo yanaendana na aliyoyasema mwezi uliopita.

Basi nikaanza kumsoma mume wangu.

Zamani alikuwaga anaongea na simu sebuleni, kwa sauti ya watu wa karakana waliozoea kushindana na mashine. Sasa akipigiwa anatoka nje, anasimama nyuma ya tangi la maji, anaongea Kipare. Hilo liliniuma. Mie ni mtoto wa Temeke, Kipare najua salamu na kukaribisha watu chakula. Nilikuwa nafunga bomba la jikoni ili nisikie, na nilichoambulia ni sauti tu. Ilikuwa sauti ya upole, ya kubembeleza, ambayo mie nilikuwa nimeisikia mara ya mwisho tulipokuwa wachumba.

"Leo kazi ilikuwaje?" nilimwuliza jioni moja.

"Kawaida tu."

"Mbona shati halina vumbi?"

Akalitazama shati kama ndiyo kwanza analiona. "Ah, leo tulishinda stoo. Tulikuwa tunapanga vifaa."

Wiki iliyofuata pia walipanga vifaa. Nikawaza, stoo gani hiyo isiyojaa wala kwisha.

Kuna siku nilinusa lile shati kabla ya kulitia majini, nikasikia harufu ya spiriti na dawa ya kupigia deki. Nikaliangalia. Nikajiambia hiyo ni harufu ya nguo zangu mwenyewe, zimelala pamoja kwenye tenga. Nikalifua. Nilichokuwa nakitafuta ni manukato, na mtu anayetafuta manukato hasikii harufu nyingine.

Asubuhi moja nilipanda ghorofani kumwona daktari wetu wa tumbo. Kulikuwa na faili la mgonjwa mmoja ambalo mwandiko wake ulitushinda wote. Daktari huyu ni Mhindi wa hapahapa, wa zile familia za Kishia zenye maduka ya vitambaa mjini, na Kiswahili chake ni cha pwani kuliko changu. Huwa hakasiriki ukimfuata kumwuliza. Anasema afadhali karani anayesumbua kuliko anayebahatisha.

Kufika kwenye korido ya chumba cha kipimo, kile cha kumezeshwa mpira wenye kamera, nikamwona mume wangu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, na mapajani ameshika mkoba wa kike, wa ngozi ya kahawia. Ameushika kwa mikono miwili, wima, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu asiyemjua vizuri. Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe mpaka kwenye kona. Nikasimama pale karibu na mtungi wa maji, faili kifuani. Nilichotaka ni kumwona mwenye mkoba. Nilijiambia nikishamwona nitajua la kufanya.

Mlango ukafunguka. Muuguzi akamtoa mwanamke aliyelegea kwa dawa ya usingizi, kajifunga kanga juu ya gauni, kichwa kimeinama. Mume wangu akainuka haraka, akamshika mkono. Mwanamke akainua uso.

Alikuwa wifi yangu. Dada yake mkubwa, wa Ukonga.

Inabidi niseme huyu ni nani kwetu. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mumewe ni askari magereza, na wanaishi kwenye nyumba yao si mbali na gereza. Baba yao alifariki mume wangu akiwa bado mdogo. Dada yake ndiye aliyemtoa Upareni, akamleta Dar, akamsomesha, akamfundisha hata kufunga tai. Mume wangu anamwogopa kama mama na kumpenda kama mama. Tulipooana alinipokea vizuri. Kisha, miaka ile ya mwanzo, wifi alibeba mimba ikatoka. Lilikuwa jambo la watu watatu: yeye, mumewe na mdogo wake. Haukupita muda habari ikafika hadi Upareni, tena imetiwa chumvi. Mie wakati huo nilikuwa bado kwenye rekodi za zahanati moja Temeke, wala yeye hakutibiwa pale. Nililisikia jambo lile kwa watu, kama wengine. Haikusaidia. Siri imetoka, na katika ukoo kuna mtu anayeshinda na mafaili ya wagonjwa. Kwake hiyo ilitosha. Hakuniuliza. Alibadilika tu. Aliendelea kuniita wifi, kunikaribisha, kunipakulia, ila nikiingia chumbani wakiwa wanaongea, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa. Mpaka leo sijui nani alisema.

Basi pale kwenye kona nilisikia nafuu, kweli, nusura nicheke. Halafu ile nafuu ikaisha na kitu kingine kikapanda. Hawara ningejua la kumfanya. Kuna mashoga wa kulia nao, kuna wazee wa kanisa, kuna kurudi Temeke kwa mama na begi. Lakini mume anayekuficha ugonjwa wa dada yake, ndani ya hospitali unayofanyia kazi wewe, hilo unalipeleka kwa nani?

Sikujitokeza. Nilishuka ngazi na faili langu bila kumwuliza daktari kitu.

Jioni nilimwachia ale kwanza. Nilipokuwa natoa vyombo mezani nikasema, "Wifi anaumwa nini?"

Kijiko kikasimama kwenye kikombe chake cha chai. "Nani kakwambia?"

"Hilo ndilo jibu?"

Akafuta midomo, akafuta na mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Ana uvimbe tumboni. Wanachunguza. Alikuwa anatapika, anashiba kabla ya kula, akapungua. Tulizunguka sana kabla ya kuletwa kwa huyu daktari."

"Na mie nisijue."

"Alinikataza."

"Kwa nini?"

Akaikoroga tena chai iliyokwisha kukorogwa. Nikasubiri.

"Anasema wewe unasoma mafaili ya watu," akasema mwishowe.

"Na wewe ulimjibu nini?"

Mume wangu akaanza kuokota makombo mezani, moja moja. Kumbe hakumjibu kitu. Alinyamaza, akaupokea mkoba wake, akanidanganya mie kuhusu stoo. Nilimwuliza kama na yeye anaamini nilisema lile la zamani. Akasema hapana. Alisema haraka mno, au mie nilisikia hivyo. Tangu siku ile kila "hapana" yake nimekuwa nikiipima.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kitengo chetu, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, nikamwambia kuna mgonjwa wa daktari wa tumbo ambaye ni wifi yangu, na faili lake likija nisipewe mie.

"Umeshalifungua?" akauliza.

"Hapana."

Akanitazama juu ya miwani. "Vizuri. Mfumo unaonyesha aliyefungua, ujue."

Alisema kama onyo. Nilikwenda kumwambia ukweli nikatoka nimeshukiwa.

Wifi alipasuliwa. Walimtoa uvimbe pamoja na kipande cha tumbo, na daktari akawaambia mumewe na mume wangu kwamba nyama ile itapelekwa maabara kubwa kupakwa rangi maalumu, kwa sababu haikufanana na ya kawaida, na majibu yatachukua wiki kadhaa. Sasa haikuwa siri tena ndani ya nyumba yangu, kwa hiyo siku ya tatu nilipika uji wa ulezi, mwepesi, nikaupeleka wodini wakati wa mapumziko.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba." Alikuwa amelala chali, uso umekauka, macho yaleyale ya mwalimu mkuu. "Nani kakuambia niko kitanda hiki?"

"Mdogo wako."

"Au umesoma?"

"Sijasoma, wifi. Faili lako halipiti kwangu. Nimeomba lisipite."

Akaitazama chupa ya uji. Akanitazama mie. "Umeomba," akarudia, taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari na jibu haliamini. "Haya, weka hapo. Daktari kasema nisinywe kitu bado."

Niliweka. Wakati natoka nilimwona mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa siku moja na yeye, anakunywa chai. Labda matumbo yao yalikuwa tofauti. Nilimwuliza muuguzi? Sikumwuliza. Niliogopa kujua.

Faili lilipofika chumbani kwetu, lilipewa mwenzangu wa meza ya pili. Huyu ni baba mtu mzima, alikuwa muuguzi zamani, mgongo ukamshinda akahamishiwa rekodi. Lilikaa kwenye rundo lake la kushoto siku mbili. Nilikuwa nalipita nikienda kuchota maji, nikirudi nalipita tena. Nililijua kwa unene. Nilijiuliza mle ndani wameandika nini, kama anapona, kama mume wangu ameniambia yote au kanipunguzia tena. Kiu ile ya maji haikuwa ya kawaida, na mkuu wa kitengo aliiona. Akahamisha mtungi.

Mwezi ulikuwa unaishia, madai ya bima yanatakiwa yaende, na mwenzangu akalipiga kodi lile faili kabla majibu ya maabara kubwa hayajarudi. Mie sikujua aliandika nini. Nilijua baadaye, pamoja na watu wote waliokuwa kwenye dirisha la chumba chetu siku ile.

Majibu yalirudi, daktari akamwandikia wifi vidonge vya kumeza kila siku, kwa muda mrefu. Ni vidonge vya bei kali, havipatikani kila duka, bila bima havinyweki. Wifi akapeleka karatasi. Bima wakamjibu kwamba dawa hiyo haiendani na ugonjwa ulioandikwa kwenye rekodi zake. Ugonjwa ulioandikwa ni saratani ya tumbo, na dawa ni ya kitu kingine. Aliuliza rekodi hizo huandikwa wapi. Wakamwambia.

Alikuja peke yake. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona, ile sauti inayonyamazisha gwaride la asubuhi.

"Mwiteni."

Nikaenda dirishani. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia mabegani, kashika nondo ya dirisha kwa mkono mmoja ili asiyumbe. Nyuma yake kulikuwa na foleni.

"Shikamoo wi—"

"Umenibadilishia ugonjwa."

"Wifi, njoo ndani ukae."

"Sikai. Daktari kaniambia ugonjwa wangu si saratani ile. Kaniambia kwa mdomo wake. Nyie humu mkaandika ndiyo ileile, na sasa nanyimwa dawa. Nakuuliza mbele ya watu hawa, nilikukosea nini?"

Watu wa foleni walinitazama mie. Mlinzi alinitazama mie. Hata wenzangu, na wao wanaijua kazi hii, niliona macho yao yanakwenda kwenye kompyuta yangu na kurudi. Nilitaka kusema sijaligusa. Lakini ni nani anayesema kitu kingine zaidi ya hicho? Aliyegusa na asiyegusa wote husema hivyohivyo.

Nikatoka nje, nikamshika kiwiko. Alijaribu kukitoa, nguvu zikamwishia, akaniachia. Nikamkalisha kwenye kiti cha mlinzi. Nikarudi ndani kwa mwenzangu.

"Wifi yangu uliandika nini?"

Alikuwa ameshaelewa; alikuwa amekunja uso. "Mie niliona daktari kaandika saratani ya tumbo, na alama ya kuuliza. Karatasi ya kabla ya upasuaji. Majibu hayakuwepo."

"Na alama ya kuuliza?"

"Mfumo hauna mahali pa alama ya kuuliza, dada. Ningeiweka wapi?"

Kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba daktari akiuliza, wewe hujibu kwa niaba yake. Unaandika uvimbe wa tumbo ambao tabia yake haijajulikana, unasubiri. Msimbo huo upo, na upo kwa ajili ya hali hiyohiyo. Yeye pia alijua. Alikuwa na rundo mbele yake na mkuu anamhimiza. Lakini moyo wangu siku ile haukuridhika na maelezo hayo. Niliwaza, mbona katika mafaili yote ateleze kwa hili? Kuna mtu kamwambia ni ndugu yangu? Mkuu anataka kunipima? Nilimshuku mtu ambaye nimekula naye chakula cha mchana miaka mingi, na nilimshuku kwa moyo wote. Baadaye nilimwona anajifungia stoo ya mafaili, akatoka macho mekundu. Nikamwamini. Karibu kabisa.

Nilimwambia mkuu wa kitengo mbele ya mwenzangu. Yeye mwenyewe akanyanyua simu kwa daktari, na daktari akasema tupande wote, na mgonjwa aletwe.

Kile chumba ni kidogo. Wifi alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mie nikasimama karibu na mlango, nisije nikaonekana nachungulia. Daktari alisoma, akagusa ndevu, hakupaza sauti.

"Haraka haraka haina baraka," akamwambia mkuu wetu. "Nitaandika upya utambuzi wa mwisho, niweke na majibu ya maabara. Nyie rekebisheni, na barua ya bima nitaitia sahihi leo." Kisha akamgeukia wifi. "Mama, sikiliza. Babu yangu alikuwa anauza vitambaa, nitakueleza kwa lugha ya duka. Tumbo ni kama koti. Lina bitana ndani, na lina kitambaa chenyewe nje. Saratani ya tumbo ambayo watu wanaijua huanzia kwenye bitana. Yako imeanzia kwenye kitambaa, kwenye nyama ya ukuta. Ni nadra. Ndiyo maana ina jina lake na msimbo wake peke yake."

"Kwa hiyo si saratani," wifi akasema.

"Sikusema hivyo. Ni jamii yake, na inaweza kurudi, ndiyo maana nakupa dawa. Lakini ile nyingine hizi dawa haizisikii kabisa. Yako inazisikia."

Wifi akaiinamia karatasi ya bima. Halafu akasema, bila kugeuka, "Na huyu aliandika?"

Mkuu wetu ndiye aliyejibu. "Huyu hajafungua faili lako hata mara moja. Nimeangalia. Nimeangalia zaidi ya mara moja, maana na mie sikumwamini."

Nilitegemea wifi angenitazama. Hakunitazama. Alikusanya karatasi zake, akashukuru, akatoka akishika ukuta. Mie nilibaki na ushahidi wangu mzuri usiokuwa na wa kuupokea. Nyumbani nilimweleza mume wangu yote, akasema, "Si umeona? Mambo yameisha." Nikamwambia kwake labda.

Bima waliridhia. Vidonge vikaanza. Huwa vinamvimbisha uso asubuhi, hasa chini ya macho, na mtaani kwao Ukonga majirani wakaanza kunong'ona kwamba askari magereza anampiga mkewe. Mume yule, mtu mpole anayefuga sungura, akawa anasalimiwa kwa midomo ya pembeni. Tulicheka tuliposikia, lakini si sana.

Baada ya miezi kadhaa wakafanya ibada ya shukrani nyumbani kwao. Ndugu walikuja, wengine kutoka Upareni, na shangazi yao mmoja mkubwa ambaye ukoo mzima unamsikiliza. Tulikuwa uani, wanawake tunachambua mchele, sinia mapajani. Wifi alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, uso umevimba kidogo. Shangazi akamtazama, akatutazama sie, akaachia swali katikati ya uwanja.

"Wewe mtoza kodi."

"Abee, shangazi."

"Si unafanya kazi hospitali ileile? Hebu tuambie. Mwenzetu huyu anaumwa nini hasa? Maana humu kila mtu ana lake. Mmoja kasema vidonda, mwingine kasema kalishwa kitu, mwingine kasema ni ule ugonjwa wa aibu. Wewe unajua."

Mikono yote ilisimama. Mie sikuinua macho kwenye sinia, lakini nilijua wifi ananitazama. Niliyasikia macho yake shingoni. Niliwaza kwamba labda wamepanga. Labda ni mtego, wanataka kusikia nikisema ili lile la zamani lithibitike. Na nikisema sijui nitakuwa mwongo, kila mtu atauona uongo.

"Shangazi," nikasema, "mwenyewe yupo. Mwulize yeye."

"Nakuuliza wewe."

"Sina la kusema mie."

Shangazi akaguna. Mchele ukaanza tena kusikika kwenye sinia moja, halafu ukakoma, kwa sababu wifi alikuwa amesimama.

"Nina uvimbe wa ukuta wa tumbo," akasema, kwa sauti ya darasani. "Ni jamii ya saratani, lakini si ile mnayoijua. Tumbo ni kama koti, lina bitana na lina kitambaa. Wangu uko kwenye kitambaa. Umekatwa. Nakunywa vidonge ili usirudi, vidonge ndivyo vinavyonivimbisha macho. Mume wangu hajanipiga. Sijalishwa kitu. Sina ugonjwa wa aibu. Nani ana swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Mmoja alianza kulia, akanyamazishwa. Wifi akakaa, akanyoosha mkono.

"Wifi, nipe hilo sinia, mawe unayaacha."

Nikampa. Alichambua mchele wangu wote, hakusema neno lingine, na ni kweli mawe yalikuwepo.

Wakati tunaondoka shangazi alinivuta pembeni, karibu na vibanda vya sungura. "Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua, shangazi."

"Muda wote huo."

"Muda wote."

"Na ukakaa kimya, tumekaa hapa tunaumia kwa kutojua." Akanipima kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Unajua mangapi mengine?"

Tangu hapo, shangazi akija mjini kutibiwa anataka hospitali yoyote isipokuwa yetu.

Wifi ananipigia simu sasa, jioni, yeye mwenyewe, hapitii kwa mdogo wake. Hatujawahi kulizungumza la dirishani wala lile la miaka ile. Huwa ananiuliza mambo ya dawa, ale nini wakati kichefuchefu kikimzidi, na kila nikimjibu ananiambia atamwuliza na daktari pia, ahakikishe. Namwambia afanye hivyo. Picha ya mwisho ya tumbo waliyompiga haikuonyesha kitu. Daktari amesema aende tena baada ya masika, na wifi kaniuliza kama siku hiyo niko zamu ya asubuhi au ya mchana, bila kusema kwa nini anataka kujua.